Kilima Chenye Wenyewe Wawili: Ukaidi wa Kiraia, Haki ya Mali na Bunduki ya Serikali Kusini mwa Maniema

Kilima cha Mwendamboko, upande wa Salamabila katika teritwari ya Kabambare, mashariki mwa Kongo, kina wenyewe wawili. Wa kwanza ni kampuni yenye kibali kilichosajiliwa Kinshasa, chenye ramani, mipaka na muhuri. Wa pili ni mchimbaji wa mikono, ambaye wenzake waliuchimba mlima huo kabla mitambo haijafika, na ambaye haki yake inajulikana na kila mtu kijijini ingawa haijaandikwa popote. Kampuni inamwita mvamizi. Yeye naye anaiita kampuni mvamizi. Katikati yao amesimamishwa askari, ambaye mshahara wake mara nyingi hautoshi kumlisha mwezi mzima.

Mhadhara huu unauliza maswali mawili kuhusu watu hao watatu. Mtu anayeingia kwa makusudi, mchana, bila silaha, katika ardhi ambayo sheria imempa mwingine, ni mwizi au ni raia anayedai chake? Na serikali ikiamua kumtoa, inaruhusiwa kutumia nguvu kiasi gani? Kusini mwa Maniema maswali haya yamekwisha kugharimu maisha, ajira na vijiji, na majibu yaliyotolewa mpaka sasa ni mabaya.

Nchi inavyogawiwa

Kutoka Kasongo hadi Kabambare, umiliki umebadilika mikono mara nyingi, na karibu kila mara bunduki ilitangulia, hati ikafuata. Katika kitabu cha maisha yake, kilichoandikwa kwa Kiswahili na kuchapishwa na Mjerumani Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, anasimulia alivyoupata utawala wa Utetela. Alimwambia mzee Kasongo Rushie kwamba bibi yake alikuwa dada wa mtawala huyo, aliyechukuliwa mateka zamani. Mzee akaamini, au akaona ni heri aamini, akamkabidhi nchi. Hati ya umiliki ikawa hadithi ya ukoo, na nyuma ya hadithi kulikuwa na bunduki. Pembe za ndovu zilizotoka huko, pamoja na watu waliozibeba mabegani hadi pwani, vilihesabiwa kuwa mali yake.

Aprili 1893 majeshi ya Dola Huru la Kongo, chini ya Francis Dhanis, yaliingia Kasongo na kumfukuza Sefu, mwana wa Tippu Tip. Januari 1894 Kabambare nayo ikaanguka, naye Rumaliza, mfanyabiashara mwenzake Tippu Tip, akakimbilia upande wa Ziwa Tanganyika. Daktari Mwingereza Sidney Hinde, aliyefuatana na jeshi la Dhanis, aliandika kwamba askari wa kawaida walilala juu ya magodoro ya hariri katika vitanda vilivyochongwa vya matajiri wa Kasongo. Mali iliyopatikana kwa utumwa ilichukuliwa na washindi, na waliokuwa watumwa hawakurudishiwa chochote.

Dola hilo lilikuja na hati zake. Amri ya tarehe 1 Julai 1885 ilikuwa imetangaza kwamba ardhi yote "isiyo na mtu" ni ya Dola, wakati ambapo Kasongo yenyewe ilikuwa bado haijatiwa mkononi. Shamba lililopumzishwa, msitu wa kuwindia, mto wa kuvulia: vyote viliweza kuandikwa kuwa vitupu. Mwaka 1902 kampuni ya reli ya CFL ikapewa haki juu ya mamilioni ya hekta za mashariki. Mwaka 1917 likaja agizo la kulima kwa lazima, na Maniema ikawa miongoni mwa sehemu za kwanza kulimishwa pamba. Mkulima aliambiwa apande nini, kiasi gani, na amuuzie nani. Aliyekataa alifungwa au alipigwa kiboko.

Ukaidi wa bila silaha ulianzia hapo. Mwanahistoria Mkongo Osumaka Likaka ameeleza jinsi wakulima wa pamba walivyopinga pasipo kelele: kulima eneo dogo kuliko lililopimwa, kuhama kijiji, kujificha msituni siku za ukaguzi. Hawakuandamana wala hawakuandika tamko, maana hapakuwa na ofisi ya kulipokea.

Uhuru haukubadilisha msingi wa hati. Sheria ya Bakajika ya tarehe 7 Juni 1966 iliirudishia serikali ya Kongo ardhi na utajiri ulio chini yake. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ikatamka kwamba ardhi ni mali ya Dola peke yake, wala haiuziki. Kwa wanavijiji, sheria hiyo iliacha ahadi: kifungu cha 389 kilisema kwamba haki zao juu ya ardhi wanazozikalia kwa desturi zitapangwa kwa amri ya Rais. Zaidi ya miaka 50 imepita na amri hiyo haijatolewa. Mtu wa Kabambare analima, anajenga, anazika wazazi wake juu ya ardhi ambayo haki yake imesubirishwa tangu zama za Mobutu.

Namoya

Dhahabu ya Namoya, mgodi ambao Mwendamboko ni mmoja wa vilima vyake, ilichimbwa tangu enzi za Wabelgiji. Mwaka 1976 migodi ya Kivu na Maniema iliunganishwa katika kampuni moja, SOMINKI. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mobutu akaruhusu raia kuchimba na kuuza dhahabu, na kadiri SOMINKI ilivyodhoofika ndivyo watu walivyoingia kwenye mashimo yake. Vita vya 1996 na 1998 vilipofika, uchimbaji wa mikono ulikuwa tegemeo kubwa la maisha katika sehemu nyingi ambako mazao yaliporwa na barabara zilikufa.

Kazi hiyo ina utaratibu wake, na anayeiita fujo hajaisogelea. Mwenye shimo, anayeitwa PDG kama mkurugenzi wa kampuni, hutoa chakula, miti ya kuegemezea kuta, tochi na pampu ya maji. Wachimbaji huchimba kwa makubaliano ya kugawana mawe yatakayopatikana. Wanawake hutwanga mawe hayo kwenye vinu vya chuma. Migodini Kivu wanajulikana kama mama twangeuses, neno lililozaliwa na kutwanga na kuvishwa vazi la Kifaransa. Sultani, yaani chifu wa mahali, hupata sehemu yake, kisha wakusanyaji wa kodi, halali na bandia, hupata yao. Negosia hununua na kupeleka mjini. Shimo linaweza kuuzwa, kukodishwa, kurithiwa na kugombewa mbele ya wazee. Kwa kila kipimo isipokuwa cha karatasi, hiyo ni mali.

Karatasi ilikuwa kwingine. Kampuni ya Kanada, Banro, ilinunua SOMINKI na kutia sahihi mkataba na serikali Februari 1997, miezi mitatu kabla Mobutu hajaanguka. Mwaka 1998 Laurent-Désiré Kabila akaufuta. Kampuni ikapeleka malalamiko kwenye baraza la usuluhishi wa uwekezaji mjini Washington, na mwaka 2002 serikali ya Joseph Kabila ikapatana nayo na kuirudishia Twangiza, Kamituga, Lugushwa na Namoya. Mwaka huohuo ilitoka Kanuni ya Madini, Sheria namba 007/2002 ya tarehe 11 Julai, inayosema kwamba Waziri anaweza kutenga eneo la wachimbaji wa mikono, ila eneo hilo haliwezi kuwekwa juu ya ardhi yenye kibali hai cha mwingine. Katika ukanda wa dhahabu wa kilomita 210 kutoka Twangiza hadi Namoya, vilima vizuri vilikuwa vimekwisha kuchukuliwa. Mchimbaji wa Salamabila aliyefanya jana kazi iliyovumiliwa aliamka leo akiwa mhalifu, wala hakuhama hata hatua moja.

Chini ya Banro, Namoya ilitoa dhahabu yake ya kwanza mwishoni mwa 2013, na Januari 2016 ikatangazwa kuwa katika uzalishaji wa kibiashara. Wachimbaji waliondolewa vilimani hatua kwa hatua: wengine kwa fidia, wengine kwa ahadi ya kazi, wengine kwa amri. Malalamiko yaliyofuata yalihusu mambo yanayojulikana: ajira chache, fidia ndogo, shule na barabara zilizoahidiwa, na vijana waliotolewa mashimoni bila kuonyeshwa pa kwenda.

Chumvi ya Ma'rib na chumvi ya Dandi

Hapa hoja ya ukaidi wa kiraia inapaswa kupimwa kwa ukali, maana si kila anayevunja sheria ni mkaidi kwa maana hiyo. Henry David Thoreau alilala jela usiku mmoja mwaka 1846 kwa kukataa kulipa kodi kwa serikali iliyolinda utumwa. Mohandas Gandhi alitembea siku 24 mwaka 1930, kutoka Sabarmati hadi Dandi, akaokota chumvi ya pwani ambayo sheria ya Waingereza iliifanya miliki ya serikali. Wote wawili walivunja sheria waziwazi, bila silaha, wakiwa tayari kuadhibiwa, na kwa ajili ya jambo kubwa kuliko matumbo yao.

Mchimbaji anayeingia Mwendamboko anatimiza masharti mangapi kati ya hayo? Mpinzani atasema: hatimizi. Anaingia usiku, anajaza gunia, anauza dhahabu na kuweka fedha mfukoni. Huo ni wizi uliopambwa kwa maneno ya haki. Pingamizi hili lina uzito. Kampuni iliwekeza fedha kwa kutegemea sheria za nchi, ililipa mishahara, na mamia ya Wakongo walikula kwa kazi ya mgodi ule. Nchi ambayo kibali chake kinaweza kufutwa na umati wenye sururu haitapata mwekezaji mwaminifu. Itapata wale tu wanaojua kuhonga na kuondoka haraka.

Hata hivyo, chumvi ya Gandhi nayo ilikuwa bidhaa. Watu walioifuata Dandi waliichemsha, waliifunga na kuiuza, na kila pakiti iliyouzwa ilikuwa kosa la jinai. Tendo lile lilisema kwamba sheria iliyomfanya maskini mwizi wa chumvi ya bahari yake haikuwa na uhalali wa kudai utii. Faida ya mfukoni haifuti hoja. Inachotaka ni hoja hiyo itamkwe hadharani. Mchimbaji anayekaa barabarani mchana pamoja na wake, wazee na sultani, akizuia lori na kusema "hapa ni petu, tutengeeni kilima kimoja", amevuka mpaka kutoka uvamizi wa usiku hadi ukaidi wa kiraia. Anayepenya gizani kwa kumhonga mlinzi hajauvuka.

Kasongo, mji wenye Waislamu wengi na madrasa za tangu enzi za Waswahili wa kwanza, una hazina yake katika swali hili. Fiqhi inafundisha kwamba anayehuisha ardhi iliyokufa huwa na haki nayo. Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake yanafuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, hakushurutisha idhini ya mtawala. Abu Hanifa aliishurutisha. Mjadala wa jasho na kibali una umri wa zaidi ya miaka 1,200. Kisa kilichopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi kinakaribia zaidi jambo la Namoya: Abyad bin Hammal alimwomba Mtume ampe machimbo ya chumvi ya Ma'rib, akapewa. Alipoondoka, mtu mmoja akaeleza kwamba kilichotolewa ni kama maji yasiyokatika, yaani kitu ambacho watu wote wanakitegemea. Mtume akakirudisha. Mafakihi wakajenga juu yake kanuni kwamba madini yaliyo wazi, ambayo umma unayafikia kwa urahisi, hayagawiwi mtu mmoja.

Dhahabu ya mwamba inayohitaji baruti na kinu cha kusagia huenda isiingie katika kanuni hiyo, na wasomi watatofautiana. Kisa hicho hakimpi mchimbaji ushindi. Kinachoonyesha ni kwamba mtawala anayegawa machimbo anawajibika kuuliza nani wanayategemea, na akigundua hakuuliza vizuri, kurekebisha hakumvunjii heshima.

Katiba ya Kongo ya 2006 inayasema mambo yote mawili bila kuyapatanisha. Kifungu cha 34 kinasema mali binafsi ni takatifu, na kinaitaja mali iliyopatikana kwa sheria na ile iliyopatikana kwa desturi. Kifungu cha 9 kinaipa Dola mamlaka ya kudumu juu ya ardhi na vilivyomo chini yake. Kwa maandishi, basi, haki ya desturi ni takatifu. Kwenye daftari la vibali haina safu ya kuandikiwa.

Bunduki ya serikali

Uhuru wa kuandamana unalindwa na kifungu cha 26 cha Katiba hiyo. Waandamanaji hawaombi ruhusa. Wanaijulisha mamlaka kwa maandishi. Hata hivyo viongozi wengi bado wanashika mazoea ya amri ya Januari 1999, iliyodai kibali, na barua ya kujulisha hujibiwa kwa barua ya kukataza. Februari 2016, vijana sita wa vuguvugu la kiraia la LUCHA walikamatwa Goma kabla ya mapambazuko wakijiandaa kwa siku ya "ville morte", siku ambayo kosa kubwa la raia ni kutofungua duka. Walihukumiwa kifungo. Kama kutofungua duka Goma, mbele ya kamera na wanasheria, kunampeleka mtu gerezani, kukaa barabarani Salamabila kutampeleka wapi?

Kuhusu risasi, sheria haina utata. Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa juu ya matumizi ya nguvu, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinaruhusu bunduki kutumiwa dhidi ya mtu pale tu anapotishia uhai au jeraha kubwa lililo karibu, na pale njia nyingine zimeshindikana. Sheria ya polisi ya Kongo ya Agosti 2011 nayo inafunga matumizi ya nguvu kwa ulazima na uwiano. Gunia la mawe ya dhahabu halimo katika orodha ya vinavyoruhusu kuua, wala lori la kampuni, wala uzio. Mali inaweza kulindwa kwa kukamata, kufungulia mashtaka na kudai fidia. Haiwezi kulindwa kwa maiti.

Mifano ya kuvunjwa kwa mstari huo haiko mbali. Oktoba 2004, huko Kilwa, Katanga, jeshi lilikandamiza uasi mdogo wa wachache na kuua watu zaidi ya 70. Magari ya kampuni ya Anvil Mining yalitumiwa na askari. Mahakama ya kijeshi mwaka 2007 iliwaachia huru walioshtakiwa kwa mauaji hayo. Ilichukua hadi 2017 kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu kutangaza kwamba serikali ya Kongo inawajibika na kuiagiza ilipe fidia ya dola milioni 2.5. Nchini Tanzania, tarehe 16 Mei 2011, polisi waliwaua watu watano kwenye mgodi wa North Mara, walioingia kutafuta mawe ya dhahabu. Kesi iliyofunguliwa London kuhusu mauaji na majeraha kwenye mgodi huo iliishia kwa mapatano mwaka 2015. Mara zote mbili kulikuwa na kampuni ya mgodi nyuma ya tukio, na mara zote mbili raia walikufa.

Mfano wa tatu unamhusu askari mwenyewe. Tarehe 30 Agosti 2023, huko Goma, wanajeshi waliwafyatulia risasi wafuasi wa kundi la kidini waliokuwa wakijiandaa kuandamana dhidi ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Kongo, wakaua makumi ya watu. Oktoba mwaka huo mahakama ya kijeshi ilimhukumu Kanali Mike Mikombe adhabu ya kifo. Adhabu ya kifo ina ubishi wake. Ujumbe uliobaki ni kwamba amri haiwi kinga, na kifungu cha 28 cha Katiba kilikwisha kusema hivyo: hakuna anayelazimika kutii amri iliyo haramu waziwazi. Kifungu hicho kinampa askari wa Namoya haki ya kukaidi amri ya kuua, na ni vigumu kuona kwa nini hakisomwi kwa sauti katika kila kambi ya Maniema, kwa Kiswahili.

Malaika na kufungwa kwa mgodi

Mgogoro wa Salamabila haukuishia kwenye maandamano. Kundi la wanamgambo la Mai-Mai Malaika, chini ya Sheikh Assani Hazaifa Mitende, lilichukua madai ya wachimbaji na kuyatia risasi. Machi 2017 watu wenye silaha waliwateka wafanyakazi watano wa mgodi, miongoni mwao Mfaransa na Mtanzania. Misafara ya malori ilishambuliwa, na Septemba mwaka huo Namoya ikasimama kwa muda. Julai 2019 wafanyakazi wengine wanne wakatekwa. Septemba 2019 Banro ikasimamisha tena shughuli zake huko. Kati ya tarehe hizo yapo mapigano ya jeshi na Malaika, nyumba zilizochomwa, familia zilizolala msituni, na wanawake waliobakwa, ambao baadhi yao walitibiwa na Madaktari Wasio na Mipaka hapo Salamabila.

Kundi hilo lina watetezi wanaosema lilifanya kile barua za wazee zilichoshindwa kufanya: lilimlazimisha mwenye kibali asikilize. Hoja hiyo ivunjwe bila huruma. Mtu anayemteka dereva wa Kitanzania au fundi wa Kikongo ameacha kudai haki ya ardhi na ameingia biashara ya kuuza watu, biashara ambayo barabara ya Kabambare iliijua katika karne ya 19. Bunduki ya Malaika iliwapa pia askari kisingizio walichokihitaji. Baada ya hapo, kila mchimbaji mwenye sururu aliweza kuitwa Mai-Mai, na kila mkutano wa kijiji uliweza kuitwa mkutano wa waasi. Waliopoteza zaidi ni wakaidi wa kweli, wasio na silaha, ambao sauti yao ilizimwa kutoka pande mbili.

Lakini ni haki kuuliza wakaidi hao walikuwa na mlango gani. Kampuni ilipokosana na serikali mwaka 1998, ilikwenda Washington. Ilipozidiwa na madeni, Desemba 2017, ilikwenda mahakamani Toronto, ikapewa ulinzi dhidi ya wadai wake, na mwaka 2018 ikatoka ikiwa mikononi mwa wawekezaji wakubwa. Mahakama hiyo ilipanga foleni ya wadai: waliokopesha, waliouza vifaa, waliokuwa na hisa. Kilima chenyewe kilikuwa sehemu ya mali iliyozungumziwa, na watu waliokichimba kwa mikono hawakuwa na nafasi katika foleni hiyo. Mahakama kuu zaidi wanayoweza kuifikia ipo Kindu, na njia ya kwenda huko ni siku za pikipiki na matope, pamoja na gharama ya wakili.

Tofauti hiyo ndiyo iliyozaa ukaidi. Mwenye hati alipata mahali pa kukata rufaa kila alipoumizwa, akajifunza subira. Asiye na hati alipewa askari. Mtafiti Ben Radley, katika kitabu chake cha 2023 kuhusu migodi ya Kivu Kusini, ameonyesha kwamba uchimbaji wa viwandani ulivuruga uchumi wa wachimbaji wa mikono uliokuwa ukikua na kuzungusha fedha papo hapo. Kama ni hivyo Twangiza, kwenye ncha ya pili ya ukanda huohuo, Salamabila haikupaswa kumshangaza mtu.

Yanayowezekana

Kolwezi ilionyesha njia moja. Kati ya 2018 na 2020, katika mgodi wa Mutoshi, kampuni ya Chemaf pamoja na kampuni ya biashara ya madini Trafigura ilikubali wachimbaji wa mikono wafanye kazi ndani ya kibali chake: uzio, lango, vifaa vya usalama, ushirika uliosajiliwa. Mpango ulikuwa na kasoro, hasa bei iliyopangwa na mnunuzi mmoja, na ulikatishwa wakati wa UVIKO-19. Ulithibitisha hata hivyo kwamba kilima kimoja kinaweza kuwa na wenyewe wawili pasipo mmoja kumuua mwenzake.

Kanuni ya Madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 ina zana nyingine. Inamlazimisha mwenye kibali kukubaliana na jamii juu ya cahier des charges, orodha ya wajibu wenye tarehe. Inataka asilimia 0.3 ya mauzo iende kwenye maendeleo ya jamii, na inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 mamlaka za mahali mgodi ulipo, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Inamruhusu pia mwenye kibali kuachia sehemu ya eneo lake, na eneo lililoachiwa laweza kutengewa vyama vya ushirika vya wachimbaji. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji sheria mpya.

Kwa hiyo hukumu ya mhadhara huu ni hii. Mchimbaji wa Kabambare anayekaa barabarani bila silaha anatumia haki yake ya uraia, na kibali cha kampuni hakimgeuzi adui wa Dola. Anayeshika bunduki kwa jina lake amempokonya haki hiyo. Askari anayemfyatulia risasi kwa ajili ya mawe ametenda jinai, awe ameamriwa au hajaamriwa. Na waziri anayetoa kibali juu ya kilima chenye watu, pasipo kuuliza wanaishi kwa nini, ndiye aliyewasha moto kabla ya wote hao.

Wanaopaswa kuanza wanajulikana. Serikali ya jimbo, Kindu, itangaze hadharani ni kiasi gani cha mrabaha wa Namoya kimefika Kabambare na kimefanya nini. Mwenye kibali wa sasa na wa baadaye aachie walau kilima kimoja kwa ushirika wa wachimbaji wa Salamabila, kwa mipaka iliyopimwa mbele ya masultani. Bunge litoe jibu kuhusu kifungu cha 389. Jeshi liondolewe kwenye lango la mgodi, kazi hiyo ifanywe na polisi wa migodi waliofunzwa sheria ya 2011. Na wasomi, maimamu, mapadre na walimu wa Kasongo wawasaidie wachimbaji kuandika barua za kujulisha maandamano, waweke nakala zake, na wasimame mstari wa mbele siku zitakapokataliwa.